Maumivu ya Viungo Katika Tiba ya Saratani: Tusinyamaze

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Liko jambo moja ambalo katika nyumba zetu huku Uingereza husemwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi halisemwi kabisa. Mwanamke hugunduliwa kuwa na saratani ya titi, akapasuliwa, akapata tiba ya mionzi, na jamaa wakaja kumjulia hali kwa sahani za chakula na dua za kheri. Kisha matibabu makubwa huisha. Mgonjwa hupewa kidonge kimoja kidogo cha kumeza kila siku kwa miaka mitano, pengine zaidi, na watu wote, pamoja na yeye mwenyewe, husema: alhamdulillahi, amepona. Hapo ndipo magoti yanapoanza kukaza, vidole vinapokataa kukunjika, na mama wa watu anaposhuka ngazi asubuhi akishika ukuta kama ajuza wa miaka tisini. Akiulizwa, husema ni baridi ya huku. Wengine huacha kidonge kimya kimya. Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya hao.

Sisi tunaoandika tumo miongoni mwao. Tumefundisha sayansi shuleni kwa miaka mingi, na tulidhani tunaujua mwili wa binadamu. Mwezi wa tatu baada ya kuanza kidonge, tuliamka kwa sala ya alfajiri tukashindwa kukunja ngumi. Kufungua mfereji ili tutawadhe kulitaka mikono miwili. Tulipokaa katika tahiyatu, magoti yalituuma hata tukasahau tumefika rakaa ya ngapi. Tulimwendea daktari mmoja, naye akatuambia kwamba huo ni umri tu. Tukaamini, kwa kuwa miaka sitini tulikwisha kuivuka. Mwezi wa sita tulichoka. Tukaanza kuruka kidonge, kwanza siku moja moja, baadaye siku kumi na moja mfululizo, bila ya kumwambia mtu yeyote, hata binti yetu tunayeishi naye.

Kilichoturudisha si ujasiri bali ni woga. Usiku wa siku ile ya kumi na moja hatukulala, tukijiuliza tutawajibu nini watoto wetu ikiwa maradhi yatarejea na sisi ndio tuliofungua mlango. Kulipokucha tulimpigia simu muuguzi wa kliniki ya matiti tukamweleza yote. Hakutugombeza. Alituuliza tu kwa nini hatukusema mapema, kwani malalamiko hayo huyasikia kila wiki. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua.

DAWA HIZI HUFANYA NINI

Saratani nyingi za titi hustawi kwa homoni ya kike iitwayo estrojeni, kama mmea unavyostawi kwa maji. Jambo hili lilianza kufahamika zamani. Mwaka 1896 daktari mpasuaji wa Glasgow, George Beatson, alitangaza kwamba alimwondolea ovari mwanamke mwenye saratani ya titi iliyoenea, na uvimbe ukanywea. Wakati huo homoni yenyewe ilikuwa haijapata hata jina. Katika miaka ya 1960 wanasayansi wa kampuni ya ICI, katika jimbo la Cheshire, walitengeneza tamoksifeni, ambayo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani katika hospitali ya Christie mjini Manchester, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 1971. Dawa hiyo huiziba tundu ya ufunguo ambamo estrojeni huingia katika seli ya saratani. Homoni inabaki mwilini, lakini haifungui mlango.

Kundi la pili la dawa, lililoenea tangu miaka ya 1990, hufanya kazi kwa njia nyingine. Mwanamke akishakoma hedhi, ovari zake huacha kutoa estrojeni, lakini mwili huendelea kuitengeneza kidogo kidogo katika mafuta na misuli kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho aromatezi. Vidonge vya anastrozoli, letrozoli na eksemestani hukizuia kimeng'enya hicho, hata estrojeni ikabaki chembe tu. Kwa saratani hilo ni jambo jema. Lakini mifupa na viungo navyo huihitaji homoni hiyo, na inapokatika ghafla, viungo hulalamika. Ndiyo maana maumivu haya huwapata zaidi wanaotumia kundi hili la pili, ambao karibu nusu yao huyapata kwa kiasi fulani, ingawa wanaotumia tamoksifeni nao hawakosi.

MAUMIVU YENYEWE YAKOJE

Kwa kawaida huanza katika miezi miwili au mitatu ya mwanzo. Hushika pande zote mbili za mwili: vidole, vifundo vya mikono, magoti, nyonga, nyayo. Asubuhi huwa makali zaidi, na pia mtu anapoinuka baada ya kukaa muda mrefu. Akishatembea kidogo hulegea. Wengine hupata kidole kinachokwama kikikunjwa, kisha hufunguka kwa kishindo. Wengine huamshwa usiku na ganzi ya vidole kwa sababu mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Hao husaidiwa sana na banzi jepesi la kuvaa wakati wa kulala.

Ni muhimu kufahamu kwamba maumivu haya siyo ile baridi yabisi inayokula viungo na kuvipinda. Kwa wengi viungo haviharibiki, na dawa ikikoma maumivu hupungua katika wiki au miezi inayofuata. Lakini mtu aliyekuwa na yabisi ya magoti tangu zamani anaweza kuiona inazidi. Kwa hiyo haifai kila uchungu kusingiziwa kidonge, wala kila uchungu kusingiziwa uzee. Apimwe.

KWA NINI TUSIACHE KIMYA KIMYA

Kidonge hiki hakitupi dalili kwamba kinafanya kazi. Maumivu tunayaona, kinga hatuioni. Ndiyo maana ni rahisi kukihukumu vibaya. Lakini hesabu zake zimefanywa kwa maelfu ya wanawake waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Uchambuzi uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wenye saratani inayostawi kwa homoni, waliomeza tamoksifeni kwa karibu miaka mitano, walipunguza hatari ya kufa kwa saratani hiyo kwa kama theluthi moja katika miaka 15 iliyofuata. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba, kwa waliokwisha kukoma hedhi, dawa za kundi la pili huzuia saratani kurejea kuliko tamoksifeni. Mwenye kuacha peke yake hupoteza kinga hiyo, na daktari wake huendelea kuandika katika faili kwamba mgonjwa anatumia dawa. Wote wawili wanadanganyana bila ya kukusudia.

Tena kuacha kimya kimya ni kujinyima njia nyingine zilizopo. Sisi tuliposema kweli, daktari wa kliniki alitupumzisha kidonge kwa wiki nne kwa ruhusa yake, akatazama kama maumivu yatapungua, nayo yakapungua. Kisha akatubadilishia kidonge kingine cha kundi lile lile. Utafiti wa Ufaransa uliotangazwa mwaka 2010 ulifanya hivyo hivyo: wanawake 179 walioshindwa kuvumilia anastrozoli walipumzishwa mwezi mmoja, wakapewa letrozoli, na saba kati ya kila kumi waliweza kuendelea nayo miezi sita baadaye. Asiyeweza hata kwa hiyo huenda akapewa tamoksifeni. Milango iko mingi, lakini hufunguliwa na daktari anayejua kwamba mgonjwa wake anaumia.

YANAYOSAIDIA

La kwanza, ambalo watu wengi hawaliamini, ni kutembea na kutia misuli nguvu. Mtu anayeumwa magoti huona busara ni kukaa. Kumbe kukaa huzidisha ukakamavu. Katika utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2015, wanawake 121 waliokuwa na maumivu haya waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki pamoja na mwendo wa haraka au mazoezi kama hayo kwa dakika 150 kwa wiki. Baada ya mwaka mmoja, kiwango cha maumivu yao makali kilishuka kwa karibu asilimia 29, na kwa kundi lililoendelea kama kawaida kilipanda kidogo.

Sisi tulianza kwa dakika kumi, tukizunguka bustani ya jirani na wanawake wawili wenzetu baada ya kuwafikisha wajukuu shule. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za tabu na hatutaficha hilo. Mwezi wa pili tulifika nusu saa. Kwa mikono tulitumia makopo mawili ya dengu, tukiyainua na kuyashusha mbele ya kiti. Mvua ikinyesha, ngazi za nyumba zinatosha. Mabwawa mengi ya kuogelea ya serikali za miji yana saa za wanawake peke yao, na maji huubeba uzito wa mwili hata magoti yakapumzika. Haba na haba hujaza kibaba.

La pili ni joto. Maji ya vuguvugu ya kutumbukiza mikono kabla ya udhu wa alfajiri, glavu za sufi usiku, chupa ya maji ya moto magotini. Baridi ya huku haikuleta maumivu haya, lakini huyachochea.

La tatu ni dawa za maumivu, kwa kipimo. Parasetamoli ya miligramu 500 haifai kuzidi vidonge 8 katika saa 24 kwa mtu mzima, na mwembamba sana aulize kwanza, kwani huenda akahitaji pungufu. Ibuprofeni na jamaa zake husaidia, lakini hudhuru tumbo na figo na hupandisha shinikizo la damu. Haifai kumezwa tumboni patupu wala kuendelezwa kwa miezi bila ya daktari kujua. Dawa ya kupaka ya aina hiyo ina madhara machache. Iko pia dawa iitwayo duloksetini, ambayo asili yake ni dawa ya huzuni. Utafiti wa mwaka 2018 kwa wanawake 299 ulionyesha kwamba hupunguza maumivu haya kwa kiasi, ingawa huleta kichefuchefu na kinywa kikavu. Daktari akikuandikia, usidhani amekuona mwendawazimu. Na anayetumia tamoksifeni amkumbushe daktari, kwani baadhi ya dawa za huzuni huipunguza nguvu.

La nne ni sindano za Kichina. Mwaka 2018 zilitangazwa habari za wanawake 226 wa Marekani: waliochomwa sindano za kweli walipata nafuu zaidi ya waliochomwa za uongo, kwa karibu pointi moja katika kipimo cha kumi. Si muujiza, lakini si bure.

Vipi habari ya mafuta ya samaki, ambayo kila nyumba ina kopo lake? Mwaka 2015 yalijaribiwa kwa wanawake 249. Waliokunywa mafuta hayo walipata nafuu kubwa. Waliokunywa mafuta mengine ya kulinganishia nao wakapata nafuu kama hiyo hiyo. Tafsiri yake ni kwamba muda na matumaini pia ni dawa, wala hatuna haja ya kumaliza fedha dukani.

Habbat sauda, tangawizi na manjano katika chakula chetu havina ubaya. Lakini vidonge vikali vinavyotengenezwa kwa mimea hiyo, au mchanganyiko usiojulikana uliomo wake, tumwonyeshe mfamasia kabla ya kumeza. Ama kuumikwa, mkono wa upande ule ulioondolewa tezi za kwapa usichanjwe wala usikandwe kwa nguvu, maana unaweza kuvimba na uvimbe huo ukawa wa kudumu.

Tusisahau mifupa. Dawa za kundi la pili huikonda mifupa kwa siri, basi tuulize kipimo cha uimara wa mifupa kama hatujafanyiwa. Na kwa kuwa ngozi yetu ni nyeusi, tunajisitiri, na jua la huku ni haba, wataalamu wa serikali ya Uingereza hushauri watu kama sisi tufikirie kunywa vitamini D ya maikrogramu 10 kila siku mwaka mzima.

SALA, SAUMU NA JIKO

Dini yetu haikukusudia kututaabisha. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala ubavu. Ruhusa hii imo katika mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Tumeona wanawake wanaoona haya kuvuta kiti msikitini kwa kuhofia watu watauliza. Kiti si aibu. Anayeweza kusimama lakini hawezi kusujudu amuulize shekhe wake namna ya kuchanganya.

Katika Ramadhani, kidonge hiki humezwa mara moja tu kwa siku, kwa hiyo kwa wengi huweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku, mradi saa isibadilike kila siku. Eksemestani humezwa baada ya chakula, basi futari inaifaa. Kwa mwenye maradhi mengine au anayehitaji dawa za maumivu mchana, amuulize daktari kabla ya mwezi kuandama, si baada ya kuanguka.

Na jiko, je? Sisi wanawake wa pwani hupimwa kwa sufuria zetu. Khitma ikitangazwa, huwezi kusema huwezi. Sisi tulipika pilau ya watu arobaini huku machozi yakitutoka, na waliodhani ni vitunguu hawakukosea sana. Siku hizi nazi hukunwa kwa mashine au hununuliwa ya kopo, chapati hukandwa na mjukuu wa kiume, na sufuria kubwa hubebwa na wawili. Mfereji wa kuzungusha tumebadilisha kwa wa kusukuma kwa kiwiko. Enyi mabwana na vijana, mkiona mama anamwaga chai kwa mikono miwili, msingoje kuambiwa.

WANAUME NAO

Nao wanaotibiwa saratani ya tezi ya kibofu kwa sindano za kuzuia homoni hupata mambo yanayofanana: uchovu, viungo kuuma, misuli kunywea, mifupa kukonda, na joto la ghafla mwilini. Wao huficha kuliko sisi. Mazoezi ya nguvu na kipimo cha mifupa vinawahusu vile vile.

LINI TUSINGOJE

Maumivu ya mfupa mmoja yasiyotulia usiku wala mchana, hasa ya mgongo, na yanayozidi kila wiki, yaripotiwe upesi. Maumivu ya mgongo pamoja na udhaifu wa miguu au kushindwa kuzuia haja ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo. Kiungo kimoja kilichovimba, chekundu na cha moto, pamoja na homa, vile vile. Anayetumia tamoksifeni akivimba shavu la mguu mmoja kwa maumivu, au akikosa pumzi ghafla, aende hospitali mara moja, kwani huenda damu imeganda.

HAKI ZETU

Tumeona mtoto wa miaka kumi akimtafsiria mama yake habari za titi mbele ya daktari. Mama alinyamaza nusu ya mambo, na mtoto akaogopa nusu nyingine. Hospitali za serikali hapa hutoa mkalimani bila ya malipo. Tumwombe tunapopanga miadi, na tunaweza kuomba awe mwanamke. Katika England, tangu mwaka 2009 mgonjwa wa saratani ana haki ya cheti cha kutolipia dawa, kinachohusu hata dawa za maumivu anazoandikiwa na daktari. Fomu huitwa FP92A na hupatikana kwa daktari. Waliofika miaka 60 hawalipi kwa vyovyote.

Kabla ya miadi, tuandike kwa wiki mbili: kiungo gani, saa ngapi, ukali kiasi gani kati ya sifuri na kumi, na ni kazi gani imetushinda. "Naumwa" ni neno linalosahaulika. "Siwezi kufunga vifungo vya nguo ya mjukuu wangu" ni neno litakaloandikwa. Na anayesafiri kwenda nyumbani kwa miezi miwili au mitatu achukue vidonge vya kutosha katika mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari, wala asikate dawa kwa sababu ya safari.

Sisi tuko katika mwaka wa tatu. Maumivu hayakwisha; yamekuwa mgeni tunayemjua saa zake za kuja. Ngumi sasa hukunjika kabla ya jua kutoka. Binti yetu tulimwambia yote, akalia, kisha akanunua kisanduku cha vidonge chenye majina ya siku. Kila jioni hupita akakitazama, naye hudhani hatumwoni.

Mwenzetu, ikiwa nawe kisanduku chako kimejaa siku zilizopita, basi kesho asubuhi piga simu kliniki. Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote na awape subira wanaowauguza. Amin.